Sufuria Iliyojilinda

Gusa ncha ya ulimi kwa kidole, kisha gusa chini. Haya, umeapa. Hili ninalotaka kukwambia lisitoke hapa. Likitoka, uote jipu mahali pa kukalia, na siku hiyo iwe siku ya safari ndefu.

Mimi pia niliapa hivyo hivyo kwa jirani yangu aliyemenya ndizi siku ya tukio. Naye aliapishwa na Mama Mkuu wa chuo, pamoja na watu wote waliokuwepo uwanjani, mia mbili na ushee. Sasa siri ya watu mia mbili, jamani, ni siri au ni mkutano wa hadhara? Basi sogeeni nyote, hata wewe unayejifanya umelala.

Juu kidogo ya Tukuyu, kule ambako mvua haiji kutembea bali imehamia moja kwa moja, palikuwa na chuo cha ufundi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walifundishwa somo liitwalo statiki, yaani elimu ya nguvu zinazokifanya kitu kitulie. Ngazi imeegemea ukuta, wao wanauliza kwa nini haijaanguka. Taa inaning'inia darini, wao wanauliza kamba inavutwa kiasi gani. Sisi wengine kitu kikitulia tunamshukuru Mungu na kwenda zetu. Wao wanachukua kalamu.

Katika darasa hilo walikuwemo watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Ambakisye, mtoto wa mwenye duka wa Kiwira, alijaliwa hesabu. Mtajie uzito na umbali, jibu linatoka kabla hujafunga mdomo. Ila mikono yake ilikuwa ya kushika kalamu tu. Siku akishika nyundo, wenzake walihama meza.

Lwitiko alijaliwa mikono. Alikuwa fundi baiskeli kabla hajawa mwanafunzi, na chuma kilimsikiliza. Alikipapasa akakwambia kinaumwa wapi, kama mkunga na tumbo. Ila mpe karatasi ya mtihani, utaona kijana mzima anatokwa jasho kama anayesukuma lori.

Na Gwantwa, binti aliyelelewa na bibi yake kule Masoko kati ya migomba, alijaliwa jicho la kuona kilichosahauliwa. Watu wakisema, "Tuko saba, leteni sahani saba," yeye alisema, "Nane. Hujajihesabu mwenyewe." Ila alikuwa mzito wa kusema. Jambo aliliona leo, akalilaza, akaliamsha kesho, ndipo akalitoa.

Mnadhani watu wenye vipaji namna hiyo walifaulu? Walianguka wote watatu. Wakarudia mtihani, wakaanguka tena, na sasa sikilizeni ajabu yenyewe: kila mmoja alipata thelathini na tisa, na kufaulu ni arobaini. Ambakisye alikosa michoro. Lwitiko alikosa hesabu. Gwantwa aliupoteza muda wake kwenye swali la kwanza, lililohusu boriti iliyolala juu ya nguzo mbili. Kitabuni boriti ilichorwa kama mstari mtupu, na Mwalimu aliandika, "Chukulia boriti haina uzito." Gwantwa akaandika pembeni, "Mti gani usio na uzito?" Mwalimu akakata kwa wino mwekundu, akaongeza alama ya mshangao.

Na aliyeanguka statiki mara mbili pale chuoni alifunga godoro lake akarudi kwao. Kwa Gwantwa, kurudi kwao maana yake ilikuwa kikapu cha kuchumia chai, na si kikapu kilichomtisha. Kilichomtisha ni bibi yake. Bibi alikwisha kutangaza kilima kizima kwamba mjukuu wake atarudi injinia, akawaambia hata wale aliogombana nao. Hasa hao.

Sasa, chuoni pale palikuwa na desturi ya miaka mingi. Kila mwalimu, kila mwaka, aliruhusiwa kutoa alama moja ya huruma. Moja, kwa mwanafunzi mmoja. Haikatwi vipande kama embe, haiwekwi akiba ya mwakani, na saa kumi na mbili jioni siku ya sherehe ya kufunga mwaka daftari linafungwa. Isipotolewa, imekufa.

Mwenye alama ya statiki alikuwa Mwalimu Mwaibale. Mtu wa heshima, mnene wa kutosha, shati jeupe kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Alikuwa amefundisha pale miaka tisa.

Na kwa miaka hiyo hiyo tisa palikuwa na fumbo jingine. Siku ya sherehe chuo kilipika mbalaga, ndizi na nyama katika sufuria moja kubwa, kila mtu kipande chake cha nyama. Kila mwaka vilihesabiwa vikiingia, na kila mwaka vilipungua kabla ya kupakuliwa. Walisingiziwa paka. Alisingiziwa mpishi, maskini, akaapa kwa kaburi la mama yake. Waliwekwa walinzi, lakini walinzi nao kila mara walitumwa viti au maji na mtu mkubwa. Nani aliwatuma? Nimesema mtu mkubwa. Msiniharakishe.

Mwaka huo Mama Ndimbumi, mkuu mpya wa chuo, aliwaita ofisini wale watatu wa thelathini na tisa, na Mwalimu wao.

"Mlinzi anaweza kutumwa," alisema. "Sufuria haitumwi. Nataka sufuria ijilinde yenyewe. Tumieni masomo ya mwaka wa kwanza tu, msiniletee umeme wala kufuli. Ikijilinda, mwenye kazi hiyo ndiye atakayepewa ile alama moja. Na wewe Mwalimu Mwaibale, alama ni yako, kwa hiyo mwamuzi ni wewe."

Mwalimu alicheka kwa tumbo. "Mama, hawa ni wa thelathini na tisa. Lakini tuwape nafasi, tusionekane wachoyo."

Vijana wakatoka. Mlangoni Lwitiko alisema, "Mwenye kazi hiyo, amesema. Kama ni ya watu watatu je?"

"Tuifanye kwanza," Ambakisye alijibu. "Kugombana tutagombana ikikamilika."

Wakaenda nyuma ya karakana. Wa kwanza kupata njia alikuwa Ambakisye. Alitembea huku na huku, mikono mgongoni, kisha akasimama.

"Mizani," alisema. "Tunatafuta mti mrefu, tunauweka juu ya egemeo moja. Upande huu sufuria, upande ule jiwe, na chini ya jiwe debe tupu. Mti umetulia sawasawa. Mwizi akitoa nyama, sufuria inakuwa nyepesi, jiwe linashuka, debe linalia."

Lwitiko alimtazama. "Wewe ulipataje thelathini na tisa?"

"Niliulizwa kuchora."

Akaandika hesabu yake ardhini kwa kijiti. Sufuria na chakula chake kilo arobaini na mbili. Jiwe walilolipata kilo ishirini na nane. Mti wa mkaratusi mita tano. Egemeo likae mita mbili kutoka kwenye sufuria na mita tatu kutoka kwenye jiwe, maana kizito husogezwa karibu na chepesi husogezwa mbali. "Mara mbili huku, themanini na nne. Mara tatu kule, themanini na nne. Mti umetulia."

"Umetulia wapi?" Lwitiko aliuliza.

"Kwenye hesabu."

Wakajaza maji sufuria ya mazoezi, wakaulaza mti juu ya gogo, wakatundika. Walipoachia tu, jiwe likashuka kama lililoitwa, sufuria ikaruka juu, ikainama, ikammwagia Ambakisye maji yote tangu utosini. Hesabu ikamwogesha mwenyewe. Akarudia kupiga hesabu huku maji yanamtiririka. Namba zilikuwa sahihi.

Gwantwa hakucheka. Alikuwa anautazama mti. Akautazama mpaka giza likaingia.

Alisema kesho yake, kwenye foleni ya uji.

"Mti," alisema.

"Mti gani?"

"Mti wenyewe. Tumehesabu sufuria, tumehesabu jiwe. Aliyewabeba wote wawili hatujamhesabu. Mita tatu za mti zilikuwa upande wa jiwe, mbili upande wa sufuria. Mti ulilisaidia jiwe."

Ambakisye alishika kichwa. "Kitabuni hauna uzito."

"Kitabuni hauna hata magome."

Gwantwa akawaonyesha anavyofanya bibi yake anapobeba mti wa kujengea. Hapimi kwa kamba. Anauweka begani, anausogeza kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka mti unyamaze wenyewe. Pale ndipo penye moyo wake, na si lazima pawe katikati, maana mti una shina nene na ncha nyembamba. Gwantwa aliutwika ule mkaratusi begani, akautafuta moyo wake, akauwekea alama ya mkaa. "Tuutulize mti peke yake kwanza," alisema, "ndipo tuutwike vya watu." Ambakisye akapiga upya hesabu ya umbali wa sufuria na wa jiwe kuanzia kwenye alama ile, na safari hii mti ulilala sawa kama maji ya bakuli.

Wakashangilia. Wakachota jagi la maji kutoka sufuriani ili debe lilie. Debe likanyamaza. Wakachota la pili. Kimya. Wakachota la tatu. Mti umelala tu, haujui umeibiwa.

Hapo Lwitiko, ambaye tangu jana alikuwa mtu wa kubeba na kuchimba, akachutama. Akaingiza vidole kati ya mti na gogo.

"Umekalia makalio mapana," alisema. "Mtu aliyekaa hivi haamki kwa kuguswa bega. Mnataka uamke kwa kipande cha nyama?"

Akaenda kwenye chuma chakavu, akapata springi ya lori iliyokatika, akainoa siku nzima mpaka ukingo wake ukawa kama wembe. Akausimamisha ukingo ule juu ya nguzo mbili fupi, makali yakitazama mbinguni. Chini ya mti, penye alama ya mkaa, akachonga pengo la kuingia ndani ya unene wake, akalivika chuma. Mti sasa haukukaa. Ulisimama kwenye ncha ya kidole. Wakaweka mayai juu ya maji ya sufuria, ndani ya ungo mdogo. Lwitiko akatoa yai moja. Debe likalia, pa.

Wakatazamana. Kisha, kwa kuwa ni binadamu, kila mmoja akasema moyoni: ni yangu. Gwantwa pia alisema. Alijisikia akisema, akaona haya kidogo, lakini hakulifuta.

Ikafika Jumamosi ya sherehe. Mvua iliomba ruhusa asubuhi, ikapewa, ikaisha. Watu walikaa uwanjani chini ya maturubai: wanafunzi, walimu, wazazi, mgeni rasmi na miwani yake. Bibi wa Gwantwa alifika na kitenge kipya, akakaa mstari wa mbele bila kuelekezwa, akaanza kuwaambia majirani wa kiti ni yupi injinia wake.

Nyuma ya watu wote, kwenye baraza la jiko pasipo na upepo, vijana walitundika mbalaga. Nyama zilihesabiwa mbele ya Mama Mkuu: mia mbili na ishirini. Juu yake yakafunikwa majani ya mgomba. Mti ukalala sawa, jiwe likaning'inia kidole kimoja juu ya debe. Mama Mkuu akaamuru kila mtu aondoke pale. "Leo hakuna mlinzi," alisema, na mpishi akasema amina.

Mgeni rasmi akaanza kusoma hotuba kuhusu uaminifu. Karatasi kumi na nne.

Gwantwa alikaa mwisho wa benchi na wenzake wawili. Karatasi ya tano ilipofunguliwa, akafanya alichozoea kufanya: akahesabu. Mbele walikaa walimu kumi na mmoja. Sasa walikuwa kumi.

Akageuza shingo taratibu.

Mwalimu Mwaibale alikuwa barazani, daftari kwapani. Hilo halikuwa ajabu, yeye ni mwamuzi, ana haki ya kukagua. Alisimama kando ya sufuria, mkono wa kushoto ameuweka kwenye ukingo wake, kama mtu aliyemwekea rafiki mkono begani. Mkono wa kulia haukuonekana. Ulikuwa chini ya majani. Kisha ukaonekana, ukapanda mdomoni, ukashuka. Mashavu yakafanya kazi. Ukapanda tena.

Na mti haukutikisika. Debe lilikuwa kimya.

Kazi yao imeshindwa, Gwantwa alidhani. Lwitiko hakunoa vya kutosha, au Ambakisye alikosea, au yeye mwenyewe aliusahau uzito fulani. Akafumba macho akachora kichwani kama walivyofundishwa: tenga kitu, kiweke peke yake hewani, kisha chora kila kinachokigusa. Akaitenga sufuria. Juu, kamba inaivuta. Chini, uzito unaivuta. Nyama imetoka, uzito umepungua, basi sufuria ipande. Haipandi. Kwa nini? Kuna mshale wa tatu.

Akafumbua macho. Mkono wa kushoto. Haukuwekwa pale kwa urafiki. Ulikuwa unakandamiza. Kila kipande kilichotoka, Mwalimu alikilipa kwa kukandamiza zaidi, kwa kipimo hasa, maana huyo ndiye mwalimu wa statiki na mkono wake ulijua. Mshipa wa shingo umesimama. Na jambo ambalo Mwalimu aliligundua akiwa kwenye kipande cha tano au cha sita, Gwantwa aliligundua wakati ule ule: kuila nyama ile aliweza, kuondoka hakuweza. Akiinua mkono, debe linalia.

Mwalimu akainua uso, macho yao yakakutana.

Akajaribu kutabasamu, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Basi akamwonyesha Gwantwa kidole kimoja, kile cha shahada, karibu na kifua, pasipo kuonwa na mwingine. Kidole kimoja. Alama moja. Gwantwa alielewa kama alivyoelewa jina lake.

Mgeni rasmi alimaliza, watu wakapiga makofi ya shukrani kwa kumaliza. Mama Ndimbumi akasimama.

"Mwalimu Mwaibale, karibu mbele utoe uamuzi."

"Naendelea kukagua, Mama," sauti ikatoka barazani, nzito kidogo.

"Basi wakati unakagua, vijana watueleze kila mmoja alifanya nini. Ambakisye."

Ambakisye akasimama. "Mama, wazo la mizani lilikuwa langu. Na bila hesabu ya umbali, mngetundika sufuria na jiwe mpaka mwakani. Kilo ya karibu si sawa na kilo ya mbali. Hilo nililipata mimi."

Nyuma kule, Mwalimu alitoa funguo mfukoni kwa mkono wa kulia, akaziweka juu ya majani. Akalegeza mkono wa kushoto kidogo. Mti ukashtuka. Akakandamiza upesi.

"Lwitiko."

"Mimi si mtu wa maneno, Mama. Mti wao ulikuwa kiziwi. Majagi matatu ya maji yalitolewa, hausikii. Nilinoa chuma, ukapata masikio. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Watu wa kwao wakapiga makofi. Barazani, Mwalimu alivua saa akaiweka juu ya funguo. Akaongeza simu. Bado. Akakiangalia kiatu chake, akakifikiria, akaangalia mbalaga, akaona haiwezekani.

"Mwalimu, hujamaliza tu?" Mama Mkuu aliuliza bila kugeuka.

"Nitasemea huku huku, Mama. Sauti inafika."

"Haya. Gwantwa."

Gwantwa akasimama. Mbele yake bibi alikuwa amegeuka mzima mzima kwenye kiti, uso umewaka kama amekwisha kuona cheti. Nyuma yake kidole kimoja kilikuwa kimesimama tena. Alikuwa amenyamaza wakati Ambakisye anasema. Alikuwa amenyamaza wakati Lwitiko anasema. Angeweza kusema maneno mawili kuhusu uzito wa mti, akae, na saa kumi na mbili awe na arobaini yake. Mnajua naye ni mtu wa kulilaza jambo mpaka kesho. Lakini hapa kesho haikuwepo.

"Mimi kazi yangu ni kuhesabu kilichosahauliwa," alisema polepole. "Mti haukuwa umehesabiwa, nikauhesabu. Na hata sasa, Mama, kuna kitu hakijahesabiwa."

"Kitu gani?"

"Mkono wa Mwalimu."

Watu mia mbili na ushee wakageuza vichwa kwa mpigo mmoja, mpaka benchi zikalia.

Mwalimu Mwaibale hakusogea. Alisimama na tabasamu lake, mkono kwenye sufuria, mchuzi ukitambaa taratibu kutoka kwenye kiganja cha kulia hadi kwenye kiwiko cha shati jeupe.

Bibi wa Gwantwa akapaza sauti. "Baba, hiyo sufuria mbona umeishikilia kama kuku? Inaruka?"

"Mwalimu," alisema Mama Ndimbumi. "Ondoa mkono."

"Mama, kitaalamu..."

"Ondoa."

Akaondoa.

Debe lililia, jamani. Lililia mpaka mbwa wa bonde la pili wakajibu. Jiwe likashuka, sufuria ikapanda ikiwa imebeba funguo, saa na simu juu ya majani kama meza ya mnadani, na chini yake amebaki Mwalimu Mwaibale, miaka tisa ya heshima, kipande cha nane kati ya vidole viwili, hakijui kirudi sufuriani au kiendelee na safari.

"Unafanya nini hapo?" Mama Mkuu aliuliza.

"Nakagua, Mama."

"Kwa meno?"

Mpishi alikaa chini akacheka huku analia. Na Mwalimu, ambaye mdomo sasa ulikuwa mtupu, akasema neno moja lililowafanya hata waliocheka wasite: "Boriti imesema kweli. Basi angalau mkubali nimefundisha."

Lakini mwamuzi aliyekamatwa haamui. Mama Ndimbumi akalichukua daftari kutoka kwapani mwake, akalifungua kwenye ukurasa wenye zile thelathini na tisa tatu, akatazama saa ya juu ya majani. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Kisha akawatazama watu, akauliza alama iandikwe kwa nani. Gwantwa akasema kwanza habari ya kile kidole alichoonyeshwa na Mwalimu, na hapo uwanja ukachemka.

Wengine walisema ni Ambakisye, maana pasingekuwa na wazo lake, wale wawili wangenoa nini na kuhesabu nini? Wengine walisema ni Lwitiko, maana mizani kiziwi haijawahi kumkamata mtu. Mwalimu alinaswa na makali ya springi. Wengine walisema ni Gwantwa, aliyeuhesabu mti, kisha akauhesabu mkono, akakitupa kidole alichokuwa ameahidiwa. Naye Lwitiko akajibu, si kwa hasira, "Kidole alikiona kabla Ambakisye hajaongea. Mbona alitungoja sote tumalize?" Gwantwa hakukana. Alisema, "Nilikuwa nakifikiria." Bibi yake akavuta kitenge akafunika uso, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

Kalamu iko wazi, wino haujakauka, imebaki nusu saa. Jina ni moja tu. Wewe uliyesikiliza toka mwanzo, Mama Ndimbumi angekupa kalamu ile, ungeandika la nani?

Niambie sikioni. Na usimwambie mtu, umeapa.